Kutoka malale hadi Parkinson: karne ya kufundisha jicho kando ya Ziwa Victoria

Mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kama tatizo la afya ya umma. Maambukizi ya mwisho ya wenyeji yalirekodiwa mwaka 2009. Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Busia na Siaya hadi Kisumu, Homa Bay na Migori, tangazo hilo lilihitimisha mapambano ya zaidi ya miaka mia moja.

Dawa zilichangia ushindi huo, na mitego ya mbung'o pia. Lakini ipo kazi nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kufundisha watu. Malale huanzia kwenye damu na kuishia kwenye ubongo, na yakifika huko humwachia mgonjwa mikono inayotetemeka, ulimi mzito na miguu ya kuburuza. Ilibidi awepo mtu, aghalabu asiye daktari bingwa, anayeweza kumtazama mvuvi anayepepesuka ufuoni na kusema: huyu hajalewa wala hajalogwa, huyu apimwe.

Hapo ndipo ilipoanzia, katika sehemu hii ya Kenya, elimu ya kutambua na kutibu magonjwa yanayovuruga mwendo wa viungo. Malale si tatizo la afya ya umma tena, lakini wenzake wapo: Parkinson, mitetemeko ya kurithi, shingo na mikono inayojikunja yenyewe, viungo vinavyorukaruka bila mwenyewe kutaka. Historia ya mwambao huu ina funzo moja kubwa kwa wagonjwa hao. Maradhi ya aina hii hutambuliwa kwa macho na mikono ya mtu aliyefundishwa, na kila ufundi huo ulipogawiwa kwa wengi badala ya kungojea mabingwa wachache, watu waliokolewa.

Reli, ziwa na ugonjwa wa usingizi

Reli ya Uganda ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Mwaka huohuo, ng'ambo ya ziwa, ndugu wawili madaktari wa misheni, Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo, walianza kupokea wagonjwa wenye dalili wasizozizoea. Aprili 1902 Kisumu na nchi iliyoizunguka ziliondolewa chini ya Uganda na kuingizwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Mpaka ulisogezwa kwenye ramani, lakini ugonjwa uliendelea kuvuka kwa mitumbwi. Upande wa Uganda uliua zaidi ya watu 200,000 katika miaka michache, na upande huu ukashambulia Samia na ufuo wa Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo tunaiita Ghuba ya Winam.

Mwishoni mwa 1902, huko Entebbe, kijana Mwitaliano Aldo Castellani aliona vijidudu vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa. Mwaka uliofuata David Bruce na wenzake wakathibitisha kwamba vinaenezwa na mbung'o. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wamekisia mengi, kwa kuwa dalili iliyoupa ugonjwa jina, usingizi wa mchana, huja mwishoni. Kwanza huja homa za mara kwa mara na tezi za kisogoni zinazovimba. Halafu tabia hubadilika: mtu mpole anakuwa mkali, mchapakazi anakaa tu. Vidole vinaanza kutetemeka, ulimi unatetemeka ukitolewa nje, maneno yanaburuzika, na hatua zinakuwa fupi za kukwaruza ardhi.

Kwa hiyo mafunzo ya kwanza yalikuwa ya vidole. Wasaidizi wa hospitali, waliojulikana kama madresa, walifundishwa kupapasa visogo vya watu waliopangwa mstari, kijiji baada ya kijiji. Aliyekutwa na tezi zilizovimba alidungwa sindano nyembamba hapo kwenye tezi, tone la majimaji likatazamwa kwa hadubini. Ilikuwa kazi ya kikoloni, yenye amri nyingi na subira kidogo, na watu wengi waliikimbia kwa sababu za msingi. Dawa ya kwanza iliyotumika kwa wingi, atoksili yenye arseniki, ambayo Robert Koch aliijaribu katika visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907, iliwapofusha baadhi ya waliopewa dozi kubwa. Hata hivyo ufundi wenyewe ulishika mizizi: vijana wa Kiafrika wasio na shahada walijifunza kugundua ugonjwa wa ubongo kwa mguso na hadubini.

Lambwe na Alupe

Ufundi huo ulihitajika tena baada ya uhuru. Katika Bonde la Lambwe, Homa Bay ya leo, mbung'o walijaa vichakani, na aina ya malale iliyokuwa huko ni ile kali inayoweza kuua kwa miezi, wakati mwingine wiki. Sehemu ya bonde ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikapewa jina la Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ulilipuka upya kandokando yake, na mwaka 1981 dawa ya kuua mbung'o ilinyunyizwa kwa ndege.

Wagonjwa wengi wa Magharibi na Nyanza walipelekwa Alupe, karibu na mji wa Busia, kwenye hospitali maalumu ya malale. Kilichofanyika kitandani pale kinastahili kuelezwa, maana ndicho kiini cha ubingwa wenyewe. Mgonjwa alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa mpaka karibu na kidevu. Sindano ndefu ilipitishwa kati ya pingili za kiuno, na maji maangavu ya uti wa mgongo yakadondoka kwenye chupa. Mtu wa maabara aliyachukua palepale, kwa sababu vijidudu hufa upesi, akahesabu chembe nyeupe chini ya hadubini. Zikiwa tano au pungufu katika kila mikrolita moja, na tripanosoma hawaonekani, ubongo ulikuwa haujaingiliwa, na dawa ya suramini ilitosha. Zikizidi tano, au kijidudu kikionekana, mgonjwa alihitaji melasoproli.

Melasoproli, iliyotengenezwa na Ernst Friedheim mwaka 1949, nayo ina arseniki ndani yake. Iliunguza mishipa, ikahitaji bomba la sindano la kioo kwa kuwa iliharibu plastiki, na iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya kila ishirini waliotibiwa nayo. Aliyehesabu vibaya kwa kuzidisha alimpeleka mtu kwenye hatari ya bure. Aliyehesabu vibaya kwa kupunguza alimrudisha nyumbani kufa taratibu. Mzigo huo ulibebwa na watu wenye cheti au stashahada, waliofundishwa jambo moja mpaka likakaa, na waliubeba vizuri.

Hospitali iitwayo Russia

Kufundisha waganga wa Kenya kulianza rasmi Nairobi mwaka 1927, katika chuo kilichokua na kuwa Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, chenye tawi Kisumu. Aliyetaka udaktari kamili alivuka ziwa hadi Makerere, Uganda, na kujifunzia katika hospitali ya Mulago, mpaka Nairobi ilipofungua shule yake ya udaktari mwaka 1967. Mulago ndiko pia yalikofanywa baadhi ya maandishi ya mwanzo ya kina kuhusu maradhi ya neva Afrika Mashariki: mwaka 1970 Dkt. J. R. Billinghurst alichapisha maelezo ya wagonjwa wazima wa neva waliolazwa hospitalini humo.

Kisumu yenyewe ilipata hospitali kubwa kwa njia ya siasa. Jaramogi Oginga Odinga, akiwa mmoja wa viongozi wa serikali ya kwanza, alitafuta msaada wa Umoja wa Kisovieti, na hospitali ya mkoa ikajengwa kwa msaada huo. Siku ya kuifungua, tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta na Odinga walikuwa tayari mahasimu. Walirushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, na walinzi wa rais wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo 11, na wenyeji wamesema siku zote kwamba waliokufa walikuwa wengi kuliko hao. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku.

Watu wa Kisumu waliendelea kuiita hospitali hiyo Russia, na wengi bado wanaiita hivyo ingawa sasa ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Majengo yalibaki, lakini ubingwa haukuja kwa kasi ileile. Kwa miongo mingi daktari bingwa wa neva alimaanisha safari ya usiku ya basi kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 300, kupanga foleni katika hospitali ya Kenyatta. Mwaka 1992 T. O. Kwasa alipochapisha mpangilio wa maradhi ya neva katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, taswira iliyopatikana ilikuwa ya wale waliofika mji mkuu. Mzee wa Bondo au Mfangano aliyetetemeka nyumbani kwake hakuhesabiwa popote.

Waliofika wodini

Hata bila mabingwa, magonjwa ya mwendo yalijaa katika wodi za ziwa, na mengi yake yalitibika kama yupo anayeyajua.

Chukua mfano ambao matabibu wengi wamekutana nao. Msichana anatapika, anadungwa Plasil kwenye kliniki ya mtaa. Jioni shingo yake inajipinda upande mmoja, macho yanageuka juu na kuganda huko, ulimi unatoka nje na taya linakaza. Nyumbani watu wanatazamana. Wengine wanasema ni juogi, roho zimemshukia. Wengine wanasema ni pepopunda. Aliyefundishwa anauliza swali moja: amepewa dawa gani leo? Akipata jibu, sindano ya dawa inayozuia athari hiyo hulegeza shingo ndani ya nusu saa, mara nyingi kwa dakika. Hali hiyohiyo huletwa na dawa za magonjwa ya akili, kama klorpromazini iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1952, na haloperidoli iliyofuata. Wagonjwa waliotumia dawa hizo kwa miaka walikakamaa na kutetemeka kama wenye Parkinson, wakapewa Artane kupunguza makali. Kwa wauguzi wengi wa Kenya, hilo ndilo lilikuwa somo lao la kwanza la magonjwa ya mwendo, nalo lilitokana na dawa zenyewe.

Malaria ilileta mengine. Mwambao wa ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria kali zaidi nchini, na mtoto aliyenusurika malaria ya ubongo huweza kubaki na viungo vinavyokakamaa au kujinyonganyonga. Ndiyo maana chanjo ya malaria iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019 ni chanjo ya ubongo pia. Mtoto mwingine, wiki kadhaa baada ya kuumwa koo, anaanza kuangusha vikombe na kukunja uso bila sababu. Mwalimu anamchapa kwa utundu, kumbe ni homa ya baridi yabisi iliyogusa ubongo, na moyo wake uko hatarini.

Kisha ikaja UKIMWI, na hakuna sehemu ya Kenya iliyoumizwa kuliko kaunti za ziwa. Madaktari wakaona jambo ambalo vitabu vya zamani vililiita nadra: mkono na mguu wa upande mmoja vinarushwa kwa nguvu, mchana kutwa, mpaka mgonjwa anachoka kabisa. Kwa mtu mwenye kinga iliyoshuka, mara nyingi chanzo ni uvimbe wa toksoplasma uliokaa kwenye kiini kidogo ndani ya ubongo. Septrin ya dozi kubwa huutibu. Waliopona walipona kwa sababu kuna mtu aliyeutambua mrusho ule na kukumbuka chanzo chake.

Dopamini, Vienna na upupu

Nje ya Afrika ubingwa huu ulikuwa ukijengwa kwa mwendo mwingine. Daktari wa London, James Parkinson, aliuandika ugonjwa wa kutetemeka mwaka 1817, baadhi ya wagonjwa wake akiwa amewaona wakipita tu barabarani. Jean-Martin Charcot, huko Paris, aliupa jina la Parkinson. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha umuhimu wa dopamini katika ubongo, na mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz, huko Vienna, akakuta imepungua mno katika bongo za waliokufa na Parkinson. Mwaka 1961 yeye na Walther Birkmayer waliwadunga wagonjwa levodopa, kemikali ambayo mwili huigeuza dopamini, na waliokuwa wamelala wasijigeuze wakainuka. Mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, alionyesha jinsi ya kuitoa kwa mdomo kwa kuongeza dozi taratibu.

Levodopa ni mali ya mimea pia. Kemikali hiyo ilitolewa kwenye maharage ya bakla mwaka 1913, na mwaka 1937 wanakemia wa India wakaitoa kwenye mbegu za upupu, ule mmea wa kutambaa ambao manyoya ya maganda yake huwasha mwili mzima, na ambao watoto wa Afrika Mashariki wanaujua kwa uchungu wake. Watafiti wamepima unga wa mbegu zake kwa wagonjwa wasiomudu vidonge. Mtu asiuchemshe nyumbani kwa kukisia, kwa sababu dozi haijulikani na madhara yake ni ya kweli. Lakini inafaa kujua kwamba kiini cha dawa hii kinaota katika udongo wetu.

Mwaka 1985 Stanley Fahn wa New York na David Marsden wa London waliunda chama cha kimataifa cha mabingwa wa magonjwa ya mwendo, na tangu hapo ubingwa huu ukawa tawi linalosomewa baada ya ubingwa wa neva. Daktari anatumia mwaka mmoja au miwili akitazama wagonjwa na kanda za video pamoja na mwalimu wake, mpaka aweze kutofautisha mtetemeko na mtetemeko. Chama hicho leo kina tawi la Afrika na kozi za madaktari wa bara hili.

Somo kutoka Hai

Utafiti uliotuonyesha ukubwa wa pengo ulifanyika kwa jirani. Katika Wilaya ya Hai, miguuni mwa Kilimanjaro, Tanzania, timu ya Catherine Dotchin na Richard Walker ilizunguka nyumba kwa nyumba katikati ya muongo wa 2000. Waliogonga milango hawakuwa mabingwa. Walikuwa makarani wa sensa ya afya, watu wa hapohapo, wenye maswali machache ya kuuliza: mikono inatetemeka? miguu inaburuza? Aliyejibu ndiyo ndiye aliyepelekewa daktari. Kati ya wakazi 161,071 walipatikana watu 33 wenye Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Hai ilitoa jambo la pili. Wagonjwa wasiowahi kumeza kidonge hata kimoja walifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo wa kifaa kinachogonga kwa vipimo sawa. Hatua zao zilirefuka na mwendo ukaimarika, kama ilivyoripotiwa mwaka 2010. Mtaalamu wa fiziotherapia wa Kisumu haishiwi midundo ya kutembea nayo.

Dakika kumi za kutazama

Parkinson haina kipimo cha damu kinachotegemewa kliniki, na picha ya kawaida ya ubongo huonekana salama. Kinachoitambua ni uchunguzi, ambao tabibu yeyote wa zahanati anaweza kufundishwa.

Mzee ameketi, mikono imelala mapajani. "Mzee, pole kwa kungoja. Nihesabie kurudi nyuma kutoka mia moja." Anapohesabu, akili ikiwa kwingine, kidole gumba na cha shahada vinaanza kusuguana kama vinaviringisha tonge: mtetemeko wa mapumziko, wa upande mmoja. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe mtetemeko unapungua. Ungekuwa ule wa kurithi, ungezidi hapohapo na chai ingemwagika.

"Sasa baba, gonganisha gumba na kidole hiki, haraka, kwa upana." Anaanza vizuri, kisha nafasi kati ya vidole inapungua, inapungua, inaganda. Huo uzito ndio ushahidi mkubwa kuliko mtetemeko wenyewe. Tabibu anashika kiwiko na kukikunjua. Kinakataa kwa mikato midogo midogo. Anamwomba atembee koridoni: mkono mmoja haupungi, na kugeuka kunamchukua hatua sita. Anamwuliza mkewe, "Mama, uso wake umebadilika?" Mama anasema amekuwa kama mtu aliyekasirika, hacheki, na siku hizi nyavu anazishona pole pole mpaka vijana wamemnyang'anya kazi. Tabibu anauliza pia kuhusu harufu ya chakula, choo kigumu, na ndoto za kupiga mateke, mambo yanayoweza kutangulia mtetemeko kwa miaka.

Baada ya hapo yapo maelekezo ambayo kitabu cha Ulaya hakiyaandiki kwa lugha ya ziwa. Vidonge vya levodopa na karbidopa hugombania njia na protini ya chakula. Anayemeza dawa pamoja na ugali na ngege, au bakuli la omena, hulalamika kwamba siku nyingine dawa haifanyi kazi. Aimeze nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada yake, na samaki wake ale.

Kazi iliyobaki

Mwaka 2017 WHO ilionyesha kwamba nchi maskini zina wastani wa mtaalamu 0.1 wa ubongo na neva kwa kila watu 100,000, dhidi ya 7.1 katika nchi tajiri. Wakati huohuo wagonjwa wanaongezeka: mwaka 2019 dunia ilikadiriwa kuwa na watu zaidi ya milioni 8.5 wenye Parkinson. Mei 2022 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mpango wa hatua kuhusu kifafa na maradhi mengine ya neva wa 2022 hadi 2031.

Kenya haijakaa bure. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, kimeanzisha mafunzo ya ubingwa wa neva, kwa hiyo daktari hahitaji tena kwenda ng'ambo kuyapata. Kenya imo katika utafiti wa nchi saba za Afrika kuhusu huduma za Parkinson, unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Newcastle tangu 2022. Kazi za Natasha Fothergill-Misbah kuhusu wagonjwa wa Kenya zimeeleza bei ya dawa, uhaba wake na upweke wa familia. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Nigeria, walitangaza badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wa asili ya Afrika, ambalo lisingeonekana kama wagonjwa wa Afrika wasingechunguzwa.

Lakini ubingwa wa Nairobi pekee hautafika kisiwa cha Rusinga. Kisumu inajua njia nyingine, kwa sababu imekwisha kuipita. Kati ya 2002 na 2006, utafiti mjini humu uliohusisha vijana 2,784 ulionyesha kwamba tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa wanaume kwa zaidi ya nusu. Matokeo yalipochapishwa 2007, Nyanza haikungoja wapasuaji. Matabibu na wauguzi walifundishwa, wakasimamiwa, wakapewa vifaa, na wakaifanya kazi hiyo kwa mamia ya maelfu ya wanaume kwa usalama. Ni njia ileile ya madresa waliopapasa visogo, na ya watu wa maabara wa Alupe.

Basi ifanywe hivyo kwa magonjwa ya mwendo. Uchunguzi ule wa dakika kumi ufundishwe na kutahiniwa KMTC Kisumu na katika shule ya udaktari ya Maseno, si kwa mhadhara bali kwa wagonjwa halisi na video. Kila hospitali ya kaunti iwe na tabibu mmoja na muuguzi mmoja waliofunzwa miezi kadhaa chini ya bingwa, wenye siku yao ya kliniki na simu ya kumpigia mwalimu wao. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ilisambaza takriban 100,000 nchini mwaka 2023, wapewe maswali ya Hai pamoja na mashine zao za kupima presha. Na levodopa, iliyomo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, ikae kwenye stoo za hospitali za kaunti mwaka mzima, maana kumwambia mtu jina la ugonjwa wake bila kumpa kidonge ni nusu ya kazi.

Gharama yake haizidi uwezo wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa, inayounganisha kaunti 14, na inaweza kuanza kwa darasa moja la matabibu ishirini na bingwa mmoja wa kuwafundisha. Bajeti inayofuata ndiyo mahali pa kuliweka darasa hilo.